Maua ya Kikaratasi

Maganzo, pale barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza inapokatiza maduka, almasi hutembea ndani ya karatasi. Dalali anaingiza vidole mfuko wa shati, anatoa kikaratasi kilichokunjwa kadiri ya kiberiti, anakifungua kwa dole gumba, na katikati ya mikunjo kuna punje ambayo mgeni angeidhania chumvi ya mawe. Mnunuzi anaiinua kwa kibano, anaitia kwenye kilenzi, anaguna. Bei inatajwa, inakataliwa, kikaratasi kinafungwa na kurudi mfukoni. Mimi nimekua nikiyaona haya. Hata leo nikishika risiti ya dukani mikono yangu huikunja vilevile bila kutumwa: chini juu, mbavu mbili ndani, kisha ulimi wa juu unashuka na kuchomekwa ili jiwe lisipate pa kutokea.

Juu ya ule ulimi huandikwa uzito kwa penseli, kwa karati. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, kwa hiyo 0.80 ni jiwe la kuanzia mazungumzo na 3.00 ni jiwe la kufungia duka mapema. Kikaratasi chenyewe si uvumbuzi wetu. Wafanyabiashara wa Antwerp, kule Ubelgiji, hukiita briefke, yaani kijibarua, na ndani yake huweka karatasi nyingine nyembamba ya rangi ya samawati, kwa sababu jiwe lenye umanjano likilala juu ya samawati huonekana jeupe zaidi. Vikaratasi vya namna hiyo vilifika Maganzo kwa wanunuzi wakubwa. Madalali wetu walitumia ukurasa wa daftari.

Nayaeleza haya kwa sababu nataka kuandika habari za maua ya karatasi, na kwetu huwezi kuanza na maua. Mahali pengine mapambo ya karatasi ni mambo ya chekechea: mtoto anakata, anabandika, mama anasifu, siku ya tatu yanatupwa. Kwenye Maganzo niliyoikuta mimi yalikuwa kazi ya watu wazima, tena kazi ya jioni, baada ya vyombo kuoshwa. Na karatasi haikutufikia ikiwa tupu hata siku moja. Ilikuwa imeshafanya kazi nyingine kwanza: imebeba saruji, imebeba habari, imefunga sigara, imefunga jiwe.

Nyumba za Usukuma zilijua kupambwa kabla ya karatasi. Wanawake walikandika, wakasiriba kwa udongo mweupe, wakamalizia chini kwa ukanda wa majivu na samadi. Bayeye, wale wacheza nyoka, walikwenda mbali zaidi: kuta za ndani za nyumba zao walizichora nyoka na watu na wanyama, michoro ambayo mtu wa nje ya chama hakutakiwa kuiona. Hans Cory, Mwaustria aliyeifanyia kazi serikali ya Tanganyika akichunguza mila, aliikusanya michoro hiyo na kuitolea kitabu mwaka 1953. Bibi yangu mzaa mama hakukijua kitabu hicho, lakini alijua kwamba ukuta mtupu ni aibu. Alipoolewa na kuhamia Maganzo, alikuta udongo mweupe uko mbali na karatasi iko karibu.

Karatasi ilikuwa karibu kwa sababu ya Mwadui. Mkanada John Williamson, mwanajiolojia, aliigundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na baada ya miaka michache pakawa na mji ndani ya uzio, wenye hospitali yake, shule zake, umeme wake na kiwanja chake cha ndege. Maganzo ndiyo iliyoota nje ya uzio. Waliotafuta kazi na hawakuipata walikaa hapa, waliopata kazi wakaleta ndugu zao hapa, na mama lishe wakawafuata wote. Babu aliingia kazini asubuhi na kutoka jioni. Getini jicho lilikuwa kali kwa chochote chenye ukubwa wa punje ya mtama. Mfuko mtupu wa saruji au kalenda ya mwaka uliokwisha haikumshughulisha mtu, na babu alikuwa akirudi navyo kwapani kama mtu anayerudi na mboga.

Bibi alipenda kutusimulia jiwe la waridi. Hilo si hadithi ya bibi peke yake, limeandikwa. Mwaka 1947 Mwadui ilitoa jiwe la karati 54.5, rangi ya waridi, na Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Likakatwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 masonara wa Cartier wakalitia kwenye bruchi yenye umbo la ua: jiwe la waridi katikati, petali za almasi nyeupe kulizunguka. Bibi alisikia habari ya lile ua kwa mke wa karani mmoja aliyeona picha yake gazetini. Hakulisahau. Alikuwa akisema, “Udongo ni wetu, ua wamelivaa wao. Basi na mimi nitatengeneza langu.” Kisha anacheka, anachukua wembe.

Lakini kabla ya maua kulikuwa na ukuta. Chumba cha bibi kilibandikwa magazeti kuanzia usawa wa kitanda hadi kwenye boriti. Gazeti lilizuia vumbi la udongo lisimwangukie aliyelala, likaleta mwanga kwenye chumba chenye dirisha la kiganja. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo uliopikwa hadi ukavutika, ukatiwa matone ya mafuta ya taa. Bila mafuta ya taa, mende waliila gundi usiku kucha, ukalala ukisikia ukuta unatafunwa. Mchwa ni habari nyingine. Mchwa hawakuogopa kitu.

Mwaka 2006 tulipoubomoa ule ukuta ili kujenga wa matofali, magazeti yalitoka yakiwa yameshikana, gamba juu ya gamba, kama kitunguu. Nikayatenganisha kwa maji kwenye beseni. Yale ya ndani kabisa, yaliyobandikwa mwanzo, yalikuwa yamepinduliwa. Vichwa vya habari viko chini, picha za watu zimesimama kwa vichwa, ukurasa wa tangazo la baiskeli umelala ubavu. Nikadhani ni utani wa mtu. Nikamuuliza mama, naye akajibu kama jambo la kawaida: “Bibi yako alikuwa hajasoma bado. Aliangalia rangi na picha iko wapi, akipanga kama mtu anayepanga mkeka.”

Magamba ya juu yalikuwa wima yote. Katikati ya magamba hayo mawili kuna kisomo. Sensa ya 1967 ilikuta thuluthi mbili hivi za watu wazima wa Tanzania hawajui kusoma, na mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mikoa ya Ziwa ilikuwa imeshatangulia kwa mradi wa majaribio uliokuwa na makao Mwanza, na mwaka 1974 huko Mwanza likaanza gazeti la watu waliomaliza kisomo, Elimu Haina Mwisho, lenye maandishi yaliyopangwa kwa ajili ya jicho lililojifunza kusoma ukubwani. Bibi alihitimu chini ya mti, kwenye benchi la matofali, akiwa na wajukuu wawili. Kurasa za gazeti hilo nilizipata kwenye ukuta wake, zimenyooka, zimebandikwa kwa usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Kurasa za pamba ndizo alizoziweka karibu na mlango. Kwa mkulima wa pamba hilo lilikuwa pambo na lilikuwa pia kumbukumbu ya lini kupulizia dawa.

Sasa nakshi za rafu. Hizi ndizo ningependa zisipotee, na ni rahisi hata ukiwa na mkono mzito. Jikoni kwa bibi palikuwa na kabati la mbao za masanduku, rafu tatu, na kila rafu ilitandikwa gazeti lililoning'inia ukingoni kadiri ya vidole vinne. Ule ukingo ndio uliochongwa. Unalaza ukurasa, unaukunja mbele na nyuma, mbele na nyuma, kila kunjo upana wa vidole viwili, hadi unapata kifurushi kirefu chembamba kama rula. Mwisho wake unaukata uwe mviringo au mchongoma. Kisha unaingia ubavuni: nusu duara ubavu huu, pembetatu ndogo ubavu ule. Bibi alitumia wembe uliovunjwa nusu na kuchomekwa kwenye kijiti. Sharti ni moja, usikate mbavu mbili mahali pamoja zikakutana, maana utabaki na vipande mikononi. Ukifungua, nusu duara zimekuwa duara, pembetatu zimekuwa almasi. Ndiyo, umbo hilo huitwa hivyo hivyo, na hata mashuleni watoto wakichora karata ya uru husema almasi.

Nakshi zilibadilishwa mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Krismasi. Wajerumani wanaojua historia ya shule za watoto wangesema haya yote yametoka kwa Friedrich Fröbel, aliyeanzisha chekechea huko kwao mwaka 1837 na kuweka ukunjaji na ukataji wa karatasi miongoni mwa kazi za mikono za watoto, na kwamba masista wa misheni ndio walioyabeba hadi huku. Bibi alisema alifundishwa na mwanamke wa Kinyamwezi waliyekuwa wakichota naye maji. Mimi namsadiki bibi. Karatasi ikikunjwa na kukatwa itafunguka vilevile popote, na mtu mwenye macho atalijua hilo kwa siku moja.

Kwenye maua, hadithi inageuka.

Mjomba wangu alianza kununua mawe madogo madogo mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati biashara hiyo mikononi mwa mtu binafsi ilikuwa magendo matupu. Hakuwa tajiri. Alikuwa na baiskeli, koti, na kopo la maziwa ya unga lililojaa vikaratasi vitupu, kwa kuwa karatasi ilikuwa adimu na kikaratasi kizuri kilitumika mara kumi. Miaka ile daftari la mwanafunzi lilikatwa katikati wakagawana wawili. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kule Mufindi, kilianza uzalishaji mwaka 1985. Kabla yake, na hata baada yake kwa muda, karatasi nyeupe ilikuwa kitu cha kuombea.

Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, nchi nzima. Watu walitupa sabuni mitoni na kuzika mabati shambani. Maganzo hofu ilikuwa ya aina yake: mtu angeweza kutokuwa na jiwe hata moja na bado karatasi yenye mikunjo ya jiwe, na namba za penseli juu yake, ikamsemea. Mjomba akaenda kwa mama yake usiku na lile kopo. Alitaka likachomwe. Bibi akamwuliza kama ana wazimu, kuchoma karatasi nyeupe yote hiyo.

Usiku huohuo akaanza. Alifungua vikaratasi, akavifikicha kimoja kimoja viganjani, taratibu, kama mtu anayefua leso, hadi karatasi ya daftari ikalainika ikawa kama kitambaa. Mikunjo ya jiwe ikapotea ndani ya mikunjo elfu. Akapanga karatasi nane, moja juu ya nyingine. Akazikunja mbele na nyuma, akafunga uzi wa pamba katikati, akazikata ncha ziwe mviringo. Kisha akafungua karatasi ya juu kabisa na kuivutia katikati, akaifuata ya pili, ya tatu, zikasimama zote zikazunguka. Chini ya kibatari likatokea ua kubwa kama ngumi.

Maua mengine aliyachovya kwenye maji ya rangi, zile rangi za unga ambazo wasusi wa vikapu hununua gulioni, zambarau na nyekundu. Yakikauka aliyachovya tena kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, haraka, ingia toka, maana nta ikikaa huwa nzito na petali huanguka. Nta ndiyo iliyoyafanya yadumu. Mvua za Desemba zinapoingia Shinyanga, karatasi tupu hunyong'onyea kama mchicha. Vijiti vilikuwa mabua ya mtama. Asubuhi vilisimama kwenye kopo lilelile la maziwa, katikati ya meza, maua kumi na saba. Mama aliyahesabu.

Waliopita nyumba kwa nyumba walipita na kwa bibi. Walitazama chini ya kitanda, walitikisa chungu cha unga. Mmoja wao aliyagusa maua akayasifu, akauliza kama angeuza. Bibi akamzawadia moja. “Wabeja, mayu,” akasema yule, akimshukuru kwa Kisukuma, akatoka nalo.

Baada ya hapo Maganzo nzima ikatengeneza maua, na sisemi kwamba kila nyumba ilikuwa na la kuficha. Maua ya bibi yalikwenda kwenye ubatizo, kwenye harusi, kwenye makaburi. Mashada ya msiba yalisukwa juu ya pete ya mti, maua meupe na majani yaliyokatwa kwenye karatasi ya kijani. Karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara ilikusanywa na watoto kwenye vijiwe, ikanyooshwa kwa ukucha, ikawa nyota na vitovu vya maua. Mifuko ya saruji ilipelekwa kanisani Desemba: unaikunjakunja, unailowesha, unaiegesha kwenye fito, inakauka ikiwa mwamba, na hapo ndipo pango la Noeli. Juu ya mwamba tuliweka pamba kuwa theluji. Pamba mbichi kutoka shambani, yenye mbegu, kwenye joto la wilaya yetu, Kishapu. Hakuna aliyeona ajabu. Watoto tuligombania kazi moja tu, kubandika, na tulionywa tusitumie utomvu wa minyaa ya uzio ingawa unanata vizuri kuliko uji wowote, kwa sababu ukiingia jichoni hulali.

Kilichoyaua maua ni wingi. Ruksa ya Rais Mwinyi ya kulegeza biashara ilileta vitu madukani, na vingine vilikuwa maua ya plastiki yaliyokwisha tengenezwa, waridi lenye tone la umande lisilokauka. Harusi za miaka ya 1990 zilikuja na karatasi za chooni zilizosokotwa kutoka kona hadi kona ya ukumbi, na maputo, kisha wapambaji wa kukodishwa wakaja na vitambaa. Mimi mwenyewe niliolewa chini ya karatasi za chooni, na ziliponyeshewa zikatuangukia mabegani. Bibi hakusema neno siku ile, lakini nilimwona akizikusanya. Mashada nayo yakawa ya plastiki. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, tarehe 1 Juni 2019, wauza karanga wakarudi kwenye daftari la zamani, ukurasa uliokunjwa koni, na hesabu za mtoto wa mtu ubavuni. Nilifurahi kuuona. Maua ya plastiki yenyewe hayakuguswa na marufuku ile, yamejaa makaburini, yamepauka.

Jumamosi watoto wa jirani huja barazani kwangu. Wanaleta karatasi za manila na karatasi laini za rangi zilizonunuliwa stesheneri, safi, hazina hata doa. Nawafundisha nakshi za rafu, na hawana rafu, kwa hiyo wanazibandika dirishani. Rangi zao ni nzuri kuliko zetu. Namna wanavyokata ndiyo inayonitesa: wakikosea wanatupa, wanachukua nyingine.

Ua moja la bibi lipo kwangu, kwenye kabati la vyombo, katika yale ya 1983. Limekuwa la rangi ya chai. Mwaka jana alikuja kijana mmoja, dalali, ana shauri na mume wangu aliyekuwa bado hajarudi. Nikampa chai. Akakaa akitazama kabati, akasimama, akasogea. Akatoa kilenzi mfukoni, akakitia jichoni, akaliinamia ua la bibi kama anavyoinamia jiwe. Chini ya nta, kwenye petali ya tatu, penseli bado inasomeka: 3.10.

“Mama,” akasema bila kunyanyua kichwa, “hili liliuzwa na nani?”

Nikamwambia chai inapoa.